K na D za Barazani Kwangu

Marahaba, wajukuu. Najua hamjaniamkia bado, lakini kwa vijana wa siku hizi mtu akisubiri shikamoo yenu atazikwa anaisubiri, kwa hiyo nimeitikia kabisa ili tusonge mbele. Nawaandikia ninyi mnaojifunza kushona hapa Mbinga na kule ziwani, na ninyi mnaokwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza. Mtasema mambo hayo mawili hayaingii chungu kimoja. Someni kwanza, ubishi baadaye. Shule niliishia darasa la nne, lakini nyuma ya cherehani nimekaa miaka mingi kuliko umri wa mama zenu, na siasa ya mji huu nimeijulia hapo, siyo redioni.

Kazi nilifundishwa Mbamba Bay na Mzee Augustino, fundi wa kanzu za waimbaji wa kanisani. Mwanglikana safi: asubuhi anaimba zaburi, mchana anatukana sindano. Wiki yangu ya kwanza nilimpima mke wa karani wa bandarini, nikakisoma kiuno chake kwa sauti kubwa kama natangaza mnada. Watu wamejaa barazani. Yule mama akakunja kitambaa chake, akaondoka bila kuaga.

"Binti," Mzee Augustino akaniambia, "unajua mteja amekimbia nini?"

"Bei, Mzee?"

"Mdomo wako. Kiuno cha mtu ni cha kwake. Wewe umeonyeshwa tu kwa sababu ya kazi."

Tangu siku hiyo namba ya mteja haijapita mdomoni mwangu. Namwonyesha mwenyewe kwenye futi, anaitikia kwa kichwa, naandika. Na ninyi mnaopiga kelele "mama huyu mkubwa, ongeza kitambaa!" mbele ya watu, acheni. Mnafukuza riziki.

La pili alilonifundisha ni chaki. Chora upande wa ndani wa kitambaa, usichafue uso wake. Lakini ukichora upande wa ndani kumbuka kwamba kila kitu kimegeuka, kulia kumekuwa kushoto. Mimi nilisahau. Nikamshonea katekista shati lenye mikono miwili ya kulia. Alilivaa, maskini, kwa sababu alikuwa na ibada kesho yake na hakuwa na jingine. Alipoinua mikono kubariki, mmoja ulikwenda juu na mwingine ukabaki unamvuta shingo. Mzee Augustino alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanifumulisha shati lote.

Nikaolewa na Kanisius, nikapanda mlima kuja Mbinga. Mimi Mnyasa wa samaki, yeye Mmatengo wa kahawa. Ndugu zake waliniuliza kama najua kulima ngoro, yale mashimo yao ya mlimani, nikawauliza kama wanajua kuparua mbasa, samaki wetu wa ziwani. Tukaelewana.

Enzi zile za chama kimoja kura ilikuwa nyepesi. Wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja kapewa picha ya jembe na mwingine picha ya nyumba, ili asiyesoma aone kwa macho. Mama mkwe wangu, Bibi Kolumba, alichagua jembe kila mara, awe kapewa nani. Nikamuuliza sababu.

"Nyumba ninayo," akasema. "Jembe ndilo linaloisha."

Na wapo waliochagua nyumba kwa sababu wamelichoka jembe. Wasomi watakuja kuwaeleza kwa maneno marefu kwa nini watu walimchukua huyu wakamwacha yule. Wasikilizeni, ila msimsahau Bibi Kolumba.

Huku mlimani watu wanakaa kwa ntambo, kilima kimoja ukoo mmoja. Mzee wa ntambo akisema jembe, kilima kizima jembe. Kule kwetu ziwani, kuanzia Chiwanda na kuendelea, hapakuwa na kilima cha kutii. Watu walishauriana mchangani wakivuta nyavu, na walilokubaliana asubuhi jioni wamelicheka wenyewe. Mbinga mjini ndiko hawa wote walikochanganyika, wakakaa benchi moja barazani kwangu, wakisubiri suruali.

Halafu ikaja ruksa, kila mtu auze atakacho. Kabla ya hapo kitambaa tulikipangia foleni, na ukikipata hukuchagua rangi. Ghafla maduka yakajaa, na mitumba ikamwagwa sokoni juu ya turubai kama mahindi. Mafundi wenzangu walilia kwamba kazi imekufa. Mimi nililia siku mbili, ya tatu nikaanza kurekebisha mitumba: namtoa Mzungu mnene kwenye suruali, namwingiza Mmatengo. Nilipata wateja kuliko mwanzo. Mkiona kazi imegeuka, geukeni nayo. Kulaani hakuzungushi gurudumu.

Na vyama vingi vikaja na ruksa hiyohiyo, tena vikaja na vitambaa! Kila mgombea na kitenge chake, na vyote viliishia mezani kwangu. Watu walihesabu mikono iliyonyooshwa mkutanoni, mimi nilitazama mtu anashonesha nini. Akileta kitenge cha chama akasema nimshonee gauni la Jumapili, huyo ni wao, hatoki. Akishonesha pazia, anasubiri aone upepo. Akishonesha foronya, amekipokea kwa adabu tu na kura yake iko kwingine. Na mama mmoja aliniletea vya vyama viwili akaniambia nivishone pamoja viwe kitambaa cha kubebea mtoto, "maana wote wawili wamesema watanibebea." Mara nyingi nilipatia. Lakini sikumwambia mtu. Nimeshawaeleza habari ya kiuno.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Uchaguzi wa kwanza wa mtaa wenye vyama viwili, mume wangu Kanisius aligombea uenyekiti. Baba Gaudensia, namwita hivyo kwa jina la binti yetu, alikuwa balozi wa nyumba kumi tangu ujana, mtu wa chama kikongwe, hajala cha mtu, na mkaidi kama bawaba yenye kutu. Aliyesimama naye ni Damas, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, wa chama kipya. Nao walikuwa marafiki! Damas ndiye aliyemtengenezea baiskeli miaka yote. Mara hawaongei. Baiskeli ikatoboka, mume wangu akaisukuma wiki nzima kuliko kuvuka barabara.

Na ndani ya nyumba yangu tulikuwa na Otmar, mwanangu wa mwisho, kijana wa kupakia kahawa kwenye malori ya wanunuzi binafsi. Otmar alivaa kofia ya bluu ya chama cha Damas mpaka mezani.

Nataka mjue kitu kimoja ndipo mtaelewa moyo wangu. Mbali na Gaudensia, nilizaa wana wa kiume watatu. Wawili wakubwa waligombana na baba yao, kila mmoja kwa wakati wake, wakaenda zao Songea, hawakurudi hata Krismasi. Otmar ndiye aliyebaki. Basi siku moja, tonge likiwa mkononi, baba yao akasema:

"Nasema mara moja tu. Mtu wa nyumba hii akimpa Damas kura, siku hiyo asilale hapa."

"Utajuaje, Baba?" Otmar akauliza.

"Nitajua."

"Kwani utaingia na mimi mle?"

"Nimesema nitajua!"

Bibi Kolumba akasema, "Kuleni, mboga inapoa." Tukala.

Wiki hiyohiyo msimamizi wa uchaguzi, Mwalimu Teodosia wa shule ya msingi, akapita kutangaza utaratibu. Karatasi haina picha. Inapigwa muhuri, na wewe unaandika jina la unayemtaka. Asiyeweza jina lote, herufi ya kwanza inatosha, kwa kuwa wako wawili tu: K kwa Kanisius, D kwa Damas. Asiyeweza hata hiyo, aende na mtu wa kumwandikia.

Mama Kresensia, mteja wangu wa siku nyingi, akaja mbio kanga imemtoka begani.

"Fundi, nipime."

"Nikupime gauni gani?"

"La herufi," akaninong'oneza. "Wa kuniandikia ni mume wangu. Sasa hiyo kura ni yangu au amepiga mara mbili?"

Jamani, nilichekaje! Nikatandaza khaki nyeusi mezani, nikachukua chaki. "K ni mtu ameegemea ukuta anapiga teke. D ni mama mwenye mimba ya miezi minane, tumbo mbele." Yeye amekaa benchi la wateja, mimi nyuma ya cherehani, tunatazamana. Akaandika, nikatazama: sawasawa kabisa! Kesho yake akaja na shoga zake wawili. Keshokutwa benchi halikutosha. Walikuja na nguo za kisingizio, gauni lenye kifungo kimoja kimelegea, wakakaa saa nzima wakichora na kufuta, vumbi la chaki mpaka puani, vicheko mpaka barabarani. Wanawake waliokwisha kuitwa bibi, hawajashika kalamu maishani, waliandika herufi wakapiga kigelegele! Sijawahi kushona nguo iliyonifurahisha vile.

Baba Gaudensia akapita. "Mnafanya nini hapa?"

"Tunajifunza K," nikamjibu.

Akacheka meno yote nje, akaenda kutamba mtaani kwamba mke wake anamtafutia kura. Sikumdanganya. Alipouliza, tulikuwa kwenye K. Alipokata kona tukaingia kwenye D. Nilifundisha zote mbili kwa chaki moja, na sikumwambia mtu achague ipi.

Siku ikafika. Uwanja wa shule umejaa, watu wamevaa kama Pasaka. Bibi Kolumba macho yalikuwa yameshapungua, lakini alikataa kushikwa mkono. Akapewa karatasi yake, akaigeuza huku na huku, akapaza sauti mpaka mwisho wa foleni:

"Jembe liko wapi?"

"Hakuna jembe siku hizi, Bibi," Mwalimu Teodosia akamwambia.

"Na nyumba?"

"Hakuna."

"Sasa mmebakiza nini?"

Foleni nzima ikavunjika mbavu. Lakini aliingia peke yake nyuma ya ubao wa darasani uliowekwa kumficha anayeandika, na akatoka amekunja karatasi yake vizuri, kwa kuwa na yeye alikuwa mwanafunzi wangu.

Mimi niliandika nini? Ulizeni kitu kingine.

Mchana kura zikaanza kuhesabiwa hapohapo, mbele za watu. Mwalimu Teodosia anafungua karatasi, anainua juu, anasoma, anaweka. Rundo la Kanisius, rundo la Damas. Likaanza na rundo la tatu. Mwanzo mbili tatu, baadaye karatasi baada ya karatasi, mpaka likawa refu kuliko mengine. Mwalimu akasimama, miwani mkononi.

"Hizi sizielewi," akasema, akainua moja. "Hii ni nini?"

Ilikuwa D, wajukuu zangu, lakini tumbo liko nyuma! Akainua nyingine: K, teke linapigwa kushoto.

"Si herufi hizo," mume wangu akasema. "Zimeharibika. Weka pembeni."

Mtu mmoja upande wa Damas akasema, "D hiyo!"

"D gani ina tumbo mgongoni?"

Ndipo Mama Kresensia akapiga kelele toka katikati ya wanawake, "Ameshazaa! Sasa amembeba mtoto!"

Uwanja ulilipuka. Mwalimu Teodosia mwenyewe alijikaza akashindwa. Lakini alipomaliza kucheka akasema kwa upole kwamba lazima aone mpiga kura alikusudia nini, na yeye hapo haoni, kwa hiyo huenda akaziacha zote.

Mimi nilikuwa nimesimama palepale. Nimeshaelewa. Walikaa ng'ambo ya meza! Mimi nachora kwangu, wao wanaona kichwa chini miguu juu, wanakinakili kama walivyokiona. Wakiandika wao, mimi kwa upande wangu naona sawasawa. Mikono miwili ya kulia ya katekista, tena! Fundi mzima, kosa lilelile, safari hii juu ya wanawake wa mtaa mzima.

Nikatazama marundo. Bila lile la tatu, rundo la Kanisius lilikuwa kubwa kuliko la Damas. Nikinyamaza, mume wangu ni mwenyekiti, atarudi nyumbani anaimba, atasahau alichoapa, na Otmar atalala kwake. Mdomo wangu tu ufungwe, mdomo niliofundishwa kuufunga. Wala hakuna aliyenishuku.

Ila wanawake wote walinigeukia. Waliniangalia kama mteja anavyomwangalia fundi aliyemharibia nguo ya harusi. Hata wale waliompa mume wangu kura walikuwemo humo, nazo zinatupwa.

Nikasema, "Mwalimu!"

"Naam, Mama Gaudensia."

"Kosa ni langu. Niliwafundisha wamekaa upande usio. Usitazame usoni mwa karatasi. Igeuze mgongo, uinue juani, usome kwa nyuma."

Mume wangu akanitazama. Sitaeleza alivyonitazama.

Mwalimu Teodosia akageuza karatasi, akainyoosha kuelekea jua. Wino ukapenya. Kila mtu pale aliona: D nzuri, tumbo mbele, miezi minane. Akageuza nyingine: K, teke kulia. Nyingine: D. Akawaita Kanisius na Damas wasimame kushoto na kulia kwake, watazame wenyewe moja moja. Watu wakaanza kusoma kwa pamoja kila karatasi inapopanda juani, "D! K! D! D!" wanawake wakipiga makofi kwa kila herufi, iwe ya nani, kwa sababu kila herufi ilikuwa ya mmoja wao na ilikuwa inasomeka! Mimi machozi yananitoka, nacheka, naogopa, sijui nishike lipi.

Damas akashinda. Hakushinda kwa mbali, ila alishinda. Vijana walimpandisha kwenye baiskeli yake mwenyewe wakamsukuma kuzunguka uwanja, Otmar mbele akipunga kofia. Nikatafuta mume wangu, nikaambiwa ameshaondoka.

Nilifika nyumbani jua bado liko juu ya mikaratusi. Godoro la Otmar liko uani juu ya mavumbi, na sanduku lake juu yake. Baba Gaudensia amesimama mlangoni. Otmar amesimama kwenye godoro, hajavua kofia. Binti yangu Gaudensia ameshika mwiko, ugali umeshaiva. Bibi Kolumba yuko kwenye kigoda chake.

"Niliapa," mume wangu akasema. "Mnanijua."

"Uliapa nini?" nikamuuliza.

"Aliyempa Damas kura asilale hapa."

"Na umejuaje ni Otmar?"

"Si kofia hiyo!"

"Kofia haikuingia nyuma ya ubao. Uliapa mtu wa nyumba hii. Mimi ni mtu wa nyumba hii. Mbona godoro langu hujalitoa?"

Akanigeukia. "Wewe ulimpa?"

"Sisemi."

"Mama Gaudensia, nakuuliza mimi mumeo, ulimpa?"

"Sisemi, Baba Gaudensia. Leo sisemi, na ukiniuliza nikiwa nakata roho sisemi."

Bibi Kolumba akagonga fimbo chini. "Kanisius! Toa na la kwangu."

"Mama, na wewe?"

"Sisemi. Kwani yule Mwalimu kasema tutoke humo tuje tuseme?"

"Na mimi sisemi, Baba," Gaudensia akasema, mwiko bado mkononi.

Mume wangu akatutazama mmoja mmoja. Nyumba nzima iko uani, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa mlangoni. Otmar akafungua mdomo, nadhani alitaka kukiri ili aokoe wengine, maana ni mtoto wa kweli. Nikamkata jicho, akaufunga.

"Kumbe sina hata mmoja," mume wangu akasema. Na sauti ilikuwa ndogo. Ndipo nikajua kwamba hasira ilikuwa imeshaisha, limebaki lile linalokaa chini ya hasira, na kwamba akiachwa nalo mpaka kesho litakauka, na mwanangu wa tatu nitamtafuta Songea.

Sikumbembeleza. Nilivua viatu vya kanisani, nikavishika mkononi, nikasema:

"Gaudensia, weka mwiko, shika godoro upande huu. Otmar, vua hiyo kofia, mwamkie baba yako vizuri, halafu shika upande ule mlirudishe ndani. Mama, wewe kaa hapohapo. Na wewe, Baba Gaudensia, chukua baiskeli yako mbovu uvuke barabara ukampe Damas mkono, umwambie aizibe. Ugali hauguswi na mtu mpaka urudi."